Vepu ina harufu, ila anayevuta ndiye wa mwisho kujua

Ndugu yangu wa Lanet, Nakuru, umeuliza kama vepu, yaani sigara ya kielektroniki, inaacha harufu ambayo watu wengine wataisikia. Umesema umeachana na sigara, unaishi na dada yako na watoto wake wawili kwenye nyumba ya vyumba viwili, na aliyekuuzia alikuhakikishia kwamba ule ni mvuke tu, hauachi kitu. Mimi niliambiwa maneno hayohayo hapa Kisumu mwaka 2021, nikayaamini kwa karibu miaka miwili, kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyapitia.

Harufu ipo. Haifiki ile ya sigara, hilo ni kweli kabisa. Lakini ipo, na inajificha mahali ambapo huwezi kufikiria.

Mimi ni dereva wa teksi. Sigara nilivuta miaka tisa. Hata kama jana yake nilivuta mbili tu na vioo vyote nimeshusha, asubuhi abiria akifungua mlango uso unamkunjika kabla hajakaa. Sigara inaungua, na lami yake inashika viti, inashika paa la ndani, inashika nywele na koti. Kwenye vepu hakuna kinachoungua. Mle ndani mna maji mazito ya propilini glaikoli na gliserini, yametiwa ladha na mara nyingi nikotini. Koili, yaani kijiwaya cha kupashia, ikipata moto, yale maji yanatoka kama wingu la matone madogo mno. Wingu likitawanyika, harufu nyingi inaondoka nalo. Sebuleni kwetu Migosi, alasiri dirisha likiwa wazi na upepo wa ziwani unaingia, ile ya mnanaa ilikuwa imekwisha kabla chai haijapoa. Hapo ndipo nilipojiona nimepona kabisa. Nikaanza kuvuta kwenye gari, chumbani, hata jikoni nikisubiri maji yachemke.

Kumbe lile wingu haliishi lote hewani. Gliserini si kama maji. Inachemka kwenye nyuzi 290 za Selsiasi, kwa hiyo haikauki upesi ikapotea, inatua. Na inapotua inatua na ladha, na nikotini pia.

Hilo nililiona kwa macho yangu kwenye kioo cha mbele cha gari. Usiku mmoja nilikuwa natoka Maseno peke yangu, nimekaribia Kisian, lori likanijia na taa kali. Kioo chote kikawa cheupe kama kimepakwa maziwa. Nikawasha waipa, hakuna kilichobadilika. Nikasimama kando ya barabara, nikapitisha kidole kwenye kioo kwa ndani. Kikaacha mstari safi, na ncha ya kidole ikateleza kama ya mtu aliyetoka kushika mandazi. Nikainusa. Embe. Ilikuwa ile ladha ya embe niliyokuwa naivuta tangu mwezi uliopita. Nilikuwa napitisha kitambaa kikavu kila asubuhi nikidhani ni vumbi, kumbe nilikuwa natandaza mafuta. Fikiria abiria wangeumia usiku huo kwa sababu sikuona mbele.

Sasa kama kioo kilikuwa hivyo, mapazia je?

Jibu alilileta mama. Alikuja kututembelea kutoka Ugunja, akaweka kikapu cha viazi vitamu mlangoni, halafu hakuingia. Akasimama tu pale akivuta pumzi. Akaniuliza, "Baba, humu ndani nani anapika peremende?" Nikamwambia hakuna anayepika kitu. Na siku hiyo sikuwa nimevuta ndani hata mara moja, naapa. Akashika upindo wa pazia akaunusa, akaingia chumbani, akainusa neti ya binti yangu iliyokuwa imefungwa fundo juu ya kitanda. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mtoto analala ndani ya hii." Binti yangu alikuwa na miaka minne.

Mke wangu hakuwa ameisikia. Mimi pia sikuwa nimeisikia. Nilipoishika neti ile nikaiweka puani, sikusikia kitu. Pua ndivyo ilivyo. Ikikaa na harufu moja kwa muda, inaacha kuitambua. Anayeanika omena pale Dunga tangu alfajiri haisikii omena, anayeisikia ni yule anayeshuka kwenye boda. Kwa hiyo ukinusa chumba chako ukaona hakuna kitu, usijipe moyo kwa hilo. Pua yako haifai kuwa shahidi kwenye jambo hili, wala ya dada yako baada ya miezi kadhaa ya kukaa nawe.

Wageni wengi watakwambia pananukia, hawatasema pananuka. Usidanganyike na hilo neno. Abiria wangu walikuwa wananiuliza kama nimebeba keki. Wengine waliuliza kama nauza shisha, jambo ambalo si la kuulizwa, maana shisha ilikuwa imepigwa marufuku nchini Desemba 2017. Na mama mmoja mjamzito niliyemchukua pale Kondele aliniomba nisimamishe gari kabla hatujafika Mamboleo. Hakutapika, lakini alikaa nje kwenye ukingo wa mtaro dakika kadhaa ameshika kichwa. Alisema ule utamu ulikuwa umemkaa kooni. Kwangu mimi gari lilikuwa halina harufu yoyote.

Ladha nazo zinatofautiana sana. Mnanaa inakwenda haraka. Vanila, karameli na zile za keki ndizo zinazoganda kwenye kitambaa. Ukubwa wa wingu nao unachangia: kile kifaa kidogo cha mfukoni hakifanani na kile chenye tangi kinachojaza chumba kizima. Halafu kuna harufu moja ambayo hakuna wa kuisifu, nayo ni ya koili iliyokauka. Pamba ya ndani ikikosa maji inababuka, na hiyo ni harufu kali ya kitambaa kilichoungua. Hata jirani atagonga kuuliza kama umesahau pasi.

Kwako Nakuru nadhani hali ni ngumu kuliko kwangu. Huku joto linatulazimisha kufungua madirisha. Huko kwenu uko juu, baridi ya Juni na Julai inawafungia ndani jioni nzima, mapazia mazito, mablanketi mawili, watoto wamevaa sweta ndani ya nyumba. Vyote hivyo ni vitambaa, na kitambaa ndicho kinachokusanya.

Nilivyosafisha kwangu ni hivi. Neti, mapazia na vile vitambaa vya makochi nilivifua kwa maji moto na sabuni, vikakaa juani siku nzima, na neti nilirudia mara mbili. Vioo nilivifuta kwa maji vuguvugu yenye siki kidogo, nikamalizia na gazeti, utelezi unatoka. Kuta za rangi ya mafuta zilikubali sabuni. Godoro halikuniridhisha mpaka nililitoa nje siku tatu mfululizo. Ile dawa ya kupuliza yenye maua usipoteze pesa yako. Nilinunua, ikaungana na embe, mke wangu akaumwa kichwa.

Lakini nataka unielewe hapa, kwa sababu ndipo nilipojuta zaidi. Harufu si tatizo lenyewe, ni dalili tu. Mahali ambapo ladha imetua, nikotini nayo inaweza kuwa imetua, na nikotini yenyewe haina utamu wa kukuonya. Ukitafuta ladha isiyonuka ili dada yako asijue, utakuwa umeiondoa dalili tu, na nikotini imebaki kwenye mto wa mtoto. Na ile chupa ya maji ya vepu ifungie juu, ndani ya kitu chenye kufuli. Yangu ilivuja kwenye kiti cha nyuma, na harufu ya kiti kile ilidumu wiki nyingi. Nikotini ya maji inapita kwenye ngozi, na mtoto akiionja inaweza kumdhuru vibaya. Inanukia juisi, na rangi zake zinamvutia. Mtoto atajuaje?

Tangu siku ile mama alipokuja sivuti ndani ya nyumba wala ndani ya gari. Navuta nje, nyuma ya choo cha plot, upande ambao upepo unapeleka mbali na madirisha, na nabadilisha shati kabla sijambeba binti yangu. Nimeshapunguza, nataka kufika mahali pa kuacha kabisa, na siku nikifika nitakwambia ilivyokuwa. Sitakudanganya kwamba ni rahisi.

Dada yako mwambie leo, usingoje agundue. Umeacha sigara, hiyo si habari ya aibu. Na kama bado unataka kujua nyumba ilivyo, chukua foronya yako ambayo haijafuliwa wiki moja, iweke kwenye ndoo safi yenye kifuniko, ifunge usiku kucha. Asubuhi mpe mtu ambaye hajalala humo ndani, mama mboga, fundi, yeyote, afungue kifuniko akwambie anasikia nini. Usimwambie kwanza ni ya nini.