Kugawa waya wa nyuma wa mlingoti miguu miwili

Swali: Shikamoo fundi. Nina boti ya tanga ya faiba, futi 24, naiegesha Capri Point. Waya unaoshika mlingoti kwa nyuma umefungwa katikati ya tezi (nyuma ya boti), kwa hiyo kila nikiinua injini au nikipanda ngazi lazima niukumbatie. Nataka kuukata, chini uwe na miguu miwili, niweke na kamba ya kuukaza nikiwa safarini. Je, waya wa winchi wa dukani utafaa? – Msomaji, Mwanza

Jibu: Marahaba. Wazo ni zuri, ila hilo la waya wa winchi liache. Ule ni wa nyuzi nyembamba nyingi, mara nyingi una moyo wa kamba ndani, na hurefuka ukivutwa. Utaukaza asubuhi, jioni mlingoti unacheza. Tafuta waya wa stenlesi wa nyuzi 19 nene zilizosokotwa pamoja, unene uleule ulionao sasa. Na zile klampu za boliti mbili usizifanye mwisho wa kudumu. Ncha zibanwe kwa mashine.

Kabla ya kukata, kuna jambo moja la kuamua: kamba ya kukazia ikikatika, mlingoti utabaki umesimama? Kuna wanaoweka makapi (vigurudumu vya kupitishia kamba) katikati ya waya wenyewe, mzigo wote ukapita kwenye kamba. Siupendi mtindo huo kwenye boti ya safari. Kwako fanya hivi: waya wa juu uishie kwenye bamba la pembetatu lenye matundu matatu, na kutoka hapo miguu miwili ishuke mpaka pembe za tezi. Kisha chuma chenye vigurudumu viwili kiikumbatie miguu hiyo kwa nje, karibu na bamba, na makapi yakivute chini. Kadiri kinavyoshuka ndivyo kinavyoibana miguu na waya kukaza. Kamba ikikatika, waya unalegea tu.

Bamba lisikae chini mno. Tuseme tezi ina upana wa mita 1.6 na bamba liko mita 3 juu yake: kila mguu unaegemea ndani kama digrii 15, na unabeba zaidi kidogo ya nusu ya mzigo. Ukilishusha, miguu inatanuka na mzigo wa kila mmoja unapanda. Angalia pia mti wa chini wa tanga upite bila kugusa.

Kazi kubwa iko kwenye pembe. Pale katikati mtengenezaji aliimarisha faiba. Pembeni huenda ni ganda tupu. Weka bamba pana kwa ndani, boliti zipite mpaka ng'ambo, na chuma cha nje kikunjwe kifuate mwelekeo wa mguu, kisivutwe kwa ubavu.

Usifungue pini yoyote kabla hujafunga jarari (kamba ya kupandishia tanga) ya tanga kubwa kwenye tezi na kuikaza. Mimi niliwahi kuamini kwamba waya za pembeni zingetosha, mlingoti ukainamia omo, upande wa mbele wa boti, nikiona kwa macho yangu. Bahati ilikuwa asubuhi, ziwa limetulia.

Kupima mkazo huhitaji kifaa. Waya ukiwa umelegea, funga kwa tepu ncha ya juu ya ubao wa mita 2 kwenye waya wa juu, na utie alama ncha ya chini inapoishia. Kaza. Kwa waya wa aina hii, kila milimita 1 ya kurefuka ni takriban asilimia 5 ya nguvu ya kuukata. Ukipanda joshi, yaani kwenda kuelekea upepo unakotoka, na upepo wa mchana, milimita 3 zinatosha. 4 ndiyo mwisho. Ukirudi kuegesha, legeza.

Ziwa letu halina chumvi, kutu huchelewa, lakini chuma huchoka hata bila kutu. Pitisha kitambaa laini kwenye ncha za waya mara kwa mara. Kikinasa hata uzi mmoja uliokatika, badilisha waya wote.