Vaisi kuukuu kwa muuza vyuma chakavu: cha kuangalia kabla hujatoa hela

Mkuu wa Masasi, salaam kutoka Mtwara kuchele. Umeuliza hivi: unafungua karakana ya milango na grili za madirisha, na huku Mtwara umeona vaisi mbili za zamani (jiliwa, vile vibanio vya chuma vinavyofungwa kwenye benchi) kwa muuza vyuma chakavu. Moja inazunguka vizuri, nyingine imeganda kwa kutu haisogei hata kidogo, na muuzaji anaapa kwamba zote ni "za Mwingereza". Dukani kuna mpya ya Kichina inayong'aa. Uchukue ipi, na hiyo iliyoganda itafufukaje? Wenzangu wamekujibu kwamba za zamani ndizo nzuri. Hapo siafiki. Nimefungua nyingi, na nyingine hazikustahili hata nauli ya bodaboda ya kuzileta karakana.

Mimi naanzia hapa: kutu usiiogope. Kutu hutoka. Vaisi inakufa kwa ufa wa mwili au kwa nati (ile inayoshika skrubu kuu ndani ya mwili) iliyoliwa meno, na hayo mawili ndiyo hufichwa na rangi mpya na grisi nyingi.

Kwamba ni za Mwingereza, inawezekana kabisa. Mwaka 1947 ulianza ule mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake tatu pamoja na Kongwa na Urambo. Kwa ajili yake ikajengwa bandari ya kina kirefu hapa Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ulikufa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na reli ikang'olewa miaka ya 1960. Ongeza mashamba ya mkonge ya Lindi, misheni ya Ndanda iliyoanza mwaka 1906, na viwanda vya kubangua korosho vya miaka ya 1970. Penye mitambo pana benchi, na penye benchi pana vaisi. Lakini maneno ya muuzaji si ushahidi. Soma chuma chenyewe.

Nenda na brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta ya taa. Safisha ubavu wa taya la mbele na ubavu wa mwili. Kwenye vaisi za Kiingereza maandishi yalitoka kwenye kalibu pamoja na mwili, kwa hiyo yamenyanyuka na utayasoma kwa kidole hata chini ya rangi tatu. Ukikuta Record, hiyo ni ya kiwanda cha C. & J. Hampton cha Sheffield, na mara nyingi chini ya rangi za juu kuna buluu yake. Namba iliyo karibu na jina inakuambia ukubwa: No. 3 ina taya la inchi 4, No. 5 ni inchi 5, No. 6 ni inchi 6. Woden ni ya Wednesbury. Parkinson ni ya Shipley, Yorkshire, nao ndio wenye ile vaisi ya "Perfect" yenye kifyatuo: unabonyeza, taya linateleza wazi bila kuzungusha mkono. Paramo nayo ni ya Sheffield. Zote hizo ni za kazi.

Ukikuta Heuer ya Ujerumani, usibishane sana bei. Ile mwili wake ni chuma cha pua (stili) kilichofuliwa, si cha kusubu, na hufungukia mbele.

Jihadhari na nakala. Umbo la Record limeigwa sana. Nakala mbaya utaijua kwa herufi zilizovimba zisizo na kingo, mkono mwembamba, na mwili wenye vishimo vilivyozibwa. Ila ukikwangua ukakuta kitu kama bondo chini ya rangi, usikimbie hapohapo. Hata viwanda vyenye heshima vilikuwa vikisawazisha uso wa kasti (chuma cha kusubu) hivyo kabla ya kupaka rangi. Endelea kukwangua mpaka uone chuma, kisha uamue.

Kipimo ninachokiamini kuliko jina ni cha tupa. Chagua sehemu ya chini isiyoonekana, piga tupa mara chache. Ukipata unga mweusi unaopaka vidole, hiyo ni kasti. Ukipata vinyoya vidogo vinavyong'aa, ni chuma cha pua. Kipimo hiki kitakuongoza katika matumizi yote ya baadaye, kwa sababu kasti inavumilia kubanwa lakini haivumilii kugongwa. Wewe utakuwa unakunja nondo na pau za grili kila siku. Ukiwa na vaisi ya kasti na nyundo ya kilo mbili, shingo ya taya la mbele itakatika, iwe Record, iwe nini. Kazi ya kugonga ina vaisi yake: ile ya wahunzi yenye mguu mrefu unaosimama chini sakafuni, ambao unapeleka pigo ardhini. Ukiipata hiyo hata bila mabamba ya taya, chukua.

Sasa ukaguzi, na hapa ndipo ninapoomba usiwe na haraka.

Ufa hupenda sehemu tatu: shingo ya taya linalotembea (pale linapokutana na boriti yake, ule mhimili mnene unaolibeba na kuingia ndani ya mwili), pembe za ndani za mwili ambamo boriti hiyo inapita, na masikio ya kitako yenye matundu ya bolti. Paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa pakauke, kisha paka vumbi la chaki. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatarudi juu yachore mstari kwenye chaki. Ukiona alama ya rangi ya dhahabu, mtu amewahi kuiunga kwa shaba. Kwenye sikio la kitako hiyo si mbaya. Kwenye shingo, acha.

Kuhusu nati, kila mtu anashika mkono wa vaisi anautikisa anasema "ina mcheko", yaani inacheza. Mcheko una vyanzo viwili na bei yake ni tofauti. Fungua taya kama inchi mbili. Mwenzako ashike mkono usizunguke, wewe vuta na sukuma taya la mbele huku ukitazama kichwa cha skrubu kuu. Taya likisogea na kichwa cha skrubu kimetulia, tatizo ni ringi au pini inayoshikilia skrubu kwenye taya. Hiyo ni washa tu, dakika chache. Lakini taya na skrubu vikisogea pamoja, meno ya nati yamekwisha. Hapo utahitaji fundi mwenye mashine ya kukereza akuchongee nati mpya ya shaba nyeusi yenye meno ya mraba, na gharama hiyo inaweza kuzidi ya vaisi yenyewe. Kwenye zile zenye kifyatuo nati ni nusu, inashikiliwa na springi. Kaza kipande cha mti mgumu kwa nguvu: ikiruka kwa mlio wa "tak", nusu-nati imechoka au springi imelegea. Springi unapata. Nati ni ileile habari ya kukerezewa.

Tazama pia meno ya skrubu yenyewe. Meno mazima yana kichwa bapa. Yaliyoliwa huwa membamba juu, na uliwaji huwa mkubwa sehemu moja, pale vaisi ilipozoea kufungwa na kufunguliwa.

Kwa sababu hiyo, ile iliyoganda ndiyo ninayotaka uichunguze kwanza. Inayozunguka laini huenda imezunguka miaka mingi bila grisi. Iliyoganda huenda iliachwa ghalani mapema, skrubu yake bado ina meno. Sehemu ya skrubu iliyo wazi chini ya boriti utaiona ukiinama na tochi ya simu. Kama meno ni bapa na hakuna ufa, nunua kwa bei ya kilo ya chuma chakavu, si kwa bei ya "antiki". Na ununue mchana, kwa mtu mwenye leseni na mzani wake, akupe risiti. Chuma cha wizi kinasumbua watu huku kwetu, na hutaki mgeni wa kwanza wa karakana yako awe askari.

Kuifungua iliyoganda ni kazi ya subira. Usitie bomba kwenye mkono ukabembea. Mkono ulikatwa urefu ule makusudi, na ukiurefusha unavunja mwili au unapinda skrubu. Changanya mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, dondoshea kwenye meno, kwenye nati na pande zote za boriti, asubuhi na jioni, siku kadhaa. Mchanganyiko huo unashika moto haraka, usiweke karibu na mashine ya kuchomelea. Kila ukidondoshea, gonga kichwa cha skrubu kwa mti mgumu. Vipande vya mpingo vinavyotupwa na wachongaji ni vizuri sana kwa hili, haviumizi chuma. Kisha jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ikisogea hata nywele, rudi kinyume, ongeza mafuta, endelea hivyohivyo. Ikigoma kabisa, pasha moto eneo la nati polepole na kwa upana, uache ipoe yenyewe. Usimwagie maji kasti yenye moto, itapasuka.

Ikishafunguka, itenganishe yote. Skrubu za mabamba ya taya ndizo zitakazokutesa. Tumia bisibisi ya kugonga, si ya mkono. Kumbuka vaisi za zamani za Kiingereza zina meno ya Whitworth ya inchi. Ukilazimisha bolti ya milimita unaharibu tundu lililodumu miaka yote hiyo.

Kutu yenyewe, mimi hutumia umeme. Ndoo kubwa ya plastiki, maji, na magadi, hata haya ya kuchemshia maharage, kijiko kikubwa kwa lita moja. Chaja ya betri ya volti 12: waya hasi kwenye kipande cha vaisi, chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida, visigusane. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kinatoa sumu majini. Fanya nje penye hewa, kwani viputo vile ni gesi inayolipuka. Zima chaja kabla ya kugusa chochote. Baada ya usiku mmoja kutu inageuka tope jeusi linalotoka kwa brashi. Kama umeme ni shida, siki au maji ya ndimu yanafanya kazi, ila usisahau kipande humo, kwa sababu tindikali ikimaliza kutu inakula chuma. Suuza kwa maji yenye magadi, kausha juani, na paka mafuta saa ileile. Kwa upepo wetu wa bahari, chuma kilicho uchi kinakuwa chekundu kabla hujamaliza chai.

Rangi ya zamani usiisugue kwa msasa mkavu, nyingi zilikuwa na risasi. Itoe ikiwa imelowa kwa dawa ya kutoa rangi, na watoto wakae mbali. Paka rangi ya kuzuia kutu kwanza, halafu rangi ya juu. Boriti, skrubu, na pale mabamba yanapokaa, usipake rangi kabisa. Grisi ya kawaida kwenye skrubu na nati inatosha. Mafuta ya kupikia yaliyotumika hapana, yanaganda kama gundi na kushika vumbi la kusagia.

Mabamba ya taya yakikosekana, kata kipande cha bamba la springi la lori. Kiweke kwenye mkaa mpaka kiwe chekundu, ukifukie kwenye majivu kipoe hadi kesho, ndipo kitobokee. Huna haja ya kukifanya kigumu tena kwa kazi ya grili. Tengeneza na vifuniko vya bati la alumini kwa ajili ya vitu usivyotaka vichubuke.

Kufunga: benchi la mkongo au mti mwingine mzito, vaisi iwe juu ya mguu wa benchi, bolti zipite mpaka chini na washa pana. Skrubu za mbao hazifai. Taya la nyuma litokeze kidogo nje ya ukingo wa benchi ili bomba refu liweze kubanwa likiwa wima mpaka chini. Juu ya mataya iwe usawa wa kiwiko chako ukisimama. Kama mchwa wanakusumbua, mafuta ya maganda ya korosho kwenye miguu ya benchi yanasaidia sana, ila vaa glavu, yanachoma ngozi ikatoka malengelenge.

Ya Kichina ya dukani siidharau. Ukiwa na kazi wiki hii na huna muda wa kudondoshea mafuta, inunue, uhakikishe tu mwili wake hauna vishimo na nati yake inatolewa. Lakini kama kufungua karakana ni mwezi ujao, nenda na chaki, tupa na tochi ukaitazame ile iliyoganda. Piga picha ya maandishi ya ubavuni, ya shingo ya taya, na ya meno ya skrubu kutoka chini, uziweke hapa kabla hujalipa. Nitakuambia ninachokiona, na wenye macho kunizidi wapo humu.