Mwanangu, picha zao ziko wapi?

Mwanga, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, ila goti la baba yako limeanza tena na hospitali hataki kuisikia. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na urefu wake, nikiwa napembua mchele, na usiku nikaurudia. Nimeona nikikujibu kwa sauti nitaishia kucheka au kugomba, kwa hiyo nakuandikia. Dada yako ataipiga picha barua hii akurushie.

Unasema tangu ununue ile kamera ya mtumba umekuwa mtu mwingine. Jumamosi alfajiri uko soko la Majengo na wauza nyanya, jioni umepanda mlimani kungoja jua la Dodoma lizame, na mshahara unaishia kwenye lenzi. Sasa wenzako kazini wameziona picha, wanataka uwapigie sendofu kwa laki tatu, na baada ya hapo kuna harusi. Ukaniuliza: "Mama, nianze kutoza, au nibaki hivi hivi napiga kwa kupenda?"

Nitafika huko. Kwanza niambie, wale wauza nyanya wamepata picha zao?

Usiniambie umewarushia. Ulimrushia nani, yule bibi wa mchicha mwenye kitochi? Mimi nina neno moja tu juu ya mambo haya na umelisikia tangu ukivaa kaptula za shule: picha ni ya aliyepigwa. Wewe uliyepiga ni mchukuzi. Mzigo si wako, unatakiwa kuufikisha.

Kamera ya Zenit ya juu ya kabati unaijua, ile mliyokuwa mkigombania kuifyatua bila mkanda. Baba yako aliipata kwa mwalimu mmoja aliyerudi kutoka masomoni Urusi akiwa na shida ya hela ya bati. Chuma kitupu, ukiivaa shingoni unainama. Lakini iliifaa Kigoma ya siku zile kwa jambo moja: haikutaka betri. Kipima mwanga chake kinaendeshwa na mwanga wenyewe, sindano inacheza pale juu nawe unazungusha gurudumu hadi ukutane nayo. Betri zilikuwa za redio, na hizo nazo zikichoka tulizianika juani. Baba yako alinunua ile kamera ili aiuze kwa faida. Hakuiuza kwa sababu nilimpokonya.

Nilikuwa karani wa tiketi stesheni, sijawahi kushika kamera. Jioni hiyo nikashuka nayo ufukweni Kibirizi. Nikatia jicho, nikazungusha lenzi, na mama mmoja aliyekuwa akianua dagaa mchangani akatoka kwenye ukungu akawa wazi, mpaka magamba yaliyomganda mkononi nikayaona. Yule mama nilikuwa nampita kila siku. Mkanda hata sikuwa nao! Nilikaa pale nikizungusha tu, wazi, ukungu, wazi, hadi wavuvi wakaanza kuwasha karabai na yule mama akaniuliza kama naumwa. Kwa hiyo usidhani sielewi unachonieleza. Naelewa mno, ndiyo maana nina wasiwasi.

Mikanda ilikuwa shida. Mingine ilivuka ziwa kutoka Bujumbura, hadi enzi ya Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, maduka yakajaa. Ukiwa na mkanda wa picha 36 na mshahara wa karani hupigi hovyo. Nilijifunza jua la hapa halitaki mchezo: mkanda wa ISO 100 (ndiyo wepesi wake wa kunasa mwanga), tundu la lenzi 16, kasi ya 1/125 ya sekunde, picha inatoka, lakini ukimpiga mtu saa sita mchana macho yake yanakuwa mashimo mawili. Mpeleke kivulini. Na ukimsimamisha mbele ya ziwa, kipima mwanga kinasoma maji yanayong'aa, kinakwambia mwanga umezidi, unabana tundu, na uso wa mtu wetu mweusi unatoka tii, umepata ziwa umempoteza mtu. Dawa yake ni kusogea hadi karibu na uso, usome sindano pale pale, ndipo urudi nyuma upige. Maji yaungue yakitaka. Hiyo kamera yako najua inajipimia yenyewe, lakini ile picha ya rafiki yako ufukweni uliyonitumia ina ugonjwa huo huo, kwa hiyo usinicheke.

Mwanzoni nilipiga vitu visivyodai. Milima ya Kongo, ambayo Julai na Agosti humezwa na moshi na vumbi, mgeni akaondoka akidhani ziwa halina ng'ambo, halafu mvua zikianza inajipanga upya pale magharibi. Meli ya Liemba nimeipiga hadi baba yako akaniuliza kama nimeolewa nayo. Wajerumani waliiunda mwaka 1913, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, na tangu mwaka 1927 ikabeba watu na magunia, na siku zote hizo haijanidai nakala. Hata yule Mholanzi, Hugo van Lawick, aliyekuja hapo Gombe mwaka 1962 kuwapiga picha sokwemtu wa mtafiti Jane Goodall, picha zake zimezunguka dunia na hakuna sokwe aliyeshuka mjini kuuliza yake iko wapi. Raha ya namna hiyo ipo na siikatai. Binadamu ndiye anayeuliza.

Bibi yako aliuliza.

Kisa cha ule mkanda unadhani unakijua kwa kuwa baba yako hukisimulia kwa kuchekesha. Ilikuwa Idi, Ujiji, wewe hujaanza kutembea. Bibi hakuwa na picha isipokuwa ile ndogo ya pasipoti ya kwendea kwa dada yake Bujumbura, ambayo alisema ni ya mwizi. Siku hiyo akaniita mwenyewe. Akavaa kanga ya doti mpya, akaagiza kiti cha marehemu babu yako, akataka na redio yake iwemo. Redio ikapata paja la kulia, wewe la kushoto. Watalii walikuwa wakipita kwenda kuona ule mnara, akawatazama akasema, "Wazungu wawili wamekutana hapa siku moja wamejengewa jiwe. Mimi na babu yenu tumekutana kila siku, na hakuna aliyeleta hata kamera." Nikamwambia hata Stanley na Livingstone hawakupigwa picha siku ile ya mwaka 1871, zile zinazozunguka ni za kuchora. Akafurahi sana. "Basi nimewashinda."

Nikamweka kivulini chini ya mwembe, nikasogea, nikapima mwanga shavuni kwake, nikarudi nyuma. Alikuwa amenuna kwa heshima ya picha. Wewe ukavuta antena ya redio, akacheka, nikafyatua. Mtu akipiga picha nzuri hujua kabla haijasafishwa. Mimi nilijua.

Mkanda ukapanda treni mkononi mwa mfanyakazi mwenzangu, zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam, kwenye studio moja yenye mashine ya rangi. Bahasha ikarudi. Jina langu, namba ya risiti yangu. Ndani kuna harusi. Gauni jeupe, keki ya ghorofa, Peugeot imefungwa riboni, na nyuma yao minazi. Minazi, si michikichi yetu, nikajua hawa ni wa pwani. Negativu nazo zilikuwa zao.

Niliwaandikia studio, wakajibu kwamba bahasha ni yangu. Likizo ilipofika nikaenda mwenyewe. Kijana wa pale akanipa boksi la picha zisizochukuliwa, nikalipekua hadi wakafunga duka. Hapakuwa na kiti, redio wala wewe. Kwa hiyo kuna nyumba mahali fulani iliyofungua bahasha yake ya harusi ikamkuta bikizee wa Ujiji anacheka, na mtoto ameshika antena. Walimfanya nini sijui. Hilo ndilo baba yako halisimulii, kwa sababu akilifika anakohoa.

Bibi aliuliza kila nilipokwenda. Mwishowe nikampelekea ile harusi aione mwenyewe. Akazitazama zote, akachagua moja ya bibi harusi peke yake, akasema, "Huyu akae kwangu mpaka mimi nirudi." Akamtundika ukutani juu ya kitanda! Wageni akawaambia ni mjukuu wake wa pwani. Mvua za Machi bibi akafariki, na msibani mwanamke mmoja akaninong'oneza, mbona yule mjukuu wa pwani hajafika kuzika? Nilicheka mkekani, nikajifunika kanga, watu wakadhani nalia. Baadaye nililia kweli.

Zile picha za harusi ninazo. Baba yako alitaka tuzichome, nikamwambia si zetu. Picha ni ya aliyepigwa. Kaka yako mwaka juzi aliisambaza moja kwenye magrupu ya WhatsApp, wakajibu wachekeshaji watupu.

Sasa hapo ndipo ninapogombana na nafsi yangu. Ile studio ilikuwa biashara, nililipa, risiti ninayo hadi leo, na hela yangu haikumfikisha bibi yako kwake. Ningeweza kukwambia achana na kutoza. Lakini bibi harusi yule naye alilipa, na mwenye kulipa ana mdomo; sina shaka walikwenda wakagonga ile meza kuliko mimi. Yule mama wa dagaa niliyempiga baadaye kwa mapenzi yangu hana risiti. Nikimcheleweshea mwaka mzima ataniamkia tu na kuniuliza hali ya mume wangu. Kwa hiyo labda kutoza ndiyo adabu inayomfaa mtu kama wewe, msahaulifu, ili pawe na mtu wa kukupigia simu na kukusumbua.

Halafu nawatazama wapiga picha wa harusi wa hapa mjini. Wanakula pilau baridi, saa saba za usiku wanabeba mataa, Jumapili wako kwenye kompyuta wanawasugua watu nyuso hadi shangazi wa miaka 60 anatoka hana hata kunyanzi moja. Nao ni watu wazuri, wanalea watoto kwa kazi hiyo. Niliwauliza mara ya mwisho kupiga picha wasiyotumwa ilikuwa lini, wakacheka wote. Wewe unapanda mlima hujatumwa na mtu.

Hapo nilikuwa nimeandika sentensi nzima, nimeifuta. Baba yako anasema nikuache uamue, wewe ni mtu mzima. Yeye ndiye aliyetaka kuuza Zenit, kwa hiyo sijui kwa nini namsikiliza, lakini namsikiliza. Sisemi.

Ninachosema ni kwamba utoze usitoze, safisha picha. Kwenye karatasi. Harusi ya dada yako yote iko chini ya Ziwa Tanganyika pamoja na simu yako, na hilo ziwa penye kina kirefu lina mita 1,470, kazamie. Kule Dodoma hakukosi duka la kusafishia, nakala moja haizidi bei ya hizo kahawa zako. Mpelekee bibi wa mchicha, umtazame anavyojitazama, halafu ndiyo urudi kuniuliza habari za laki tatu. Pengine hutauliza. Pengine utauliza vizuri zaidi.

Dada yako anahitaji ile chaja uliyoondoka nayo. Baba yako anakusalimu, na anasema hiyo habari ya kuolewa na Liemba hakuisema yeye.

Halafu kuna yule mzee fundi wa nyavu wa Kibirizi uliyempiga Desemba, amekaa juu ya boti iliyopinduliwa. Kila nikienda kununua dagaa ananiuliza. Anataka kubwa, ya kuweka kwenye fremu, na amesema kama kuna gharama atalipa. Hela yake usithubutu kuichukua. Hilo si jibu la swali lako, ni la huyo mzee peke yake.

Mama yako