Fuwele za kijani kwenye mwamba, ni zumaridi au epidoti?

Swali: Mtaalamu habari za kazi. Nina jiwe limetoka kwenye mwamba mgumu wenye mistari mistari, ndani yake kuna fuwele za kijani ndefundefu, zina michirizi inayofuata urefu wake. Mmoja kaniambia ni zumaridi, mwingine tomalini (nayo ni kito), wa tatu anasema ni dalili kwamba dhahabu au shaba iko karibu. Kisu hakizikwaruzi, ila zenyewe zinakwaruza kioo. Picha nimeambatanisha. Nitajuaje ni nini bila kwenda maabara?

Jibu: Salama mkuu. Kwa nilivyoiona picha, mimi naegemea epidoti, madini ya kijani yenye chuma ndani yake. Sio zumaridi, pole. Ila picha ni picha, simu ikiamua kuongeza ukijani inaongeza tu, kwahiyo nitakupa vipimo ufanye mwenyewe ujiridhishe.

Kwanza rangi. Watu wengi wanaishia hapo na ndio wanapopotelea, mana madini ya kijani ni mengi mno. Ila epidoti ina ukijani wake, una unjano ndani, na fuwele ikiwa nene inakuwa kijani cheusi kabisa hata mwanga haupiti. Kinachoileta hiyo rangi ni chuma, kadiri chuma kinavyozidi ndivyo inavyokolea, kikipungua sana unapata ndugu yake anaitwa klinozoisaiti ambaye amepauka. Zumaridi ukijani wake ni wa kromi au vanadi, hauna huo unjano wa kuchosha macho.

Sasa shika fuwele moja inayopitisha mwanga walau pembeni, iweke mbele ya tochi alafu izungushe taratibu. Epidoti inabadilika rangi waziwazi, upande mmoja kijani, ukigeuza inaenda kahawia, ukigeuza tena njano. Hiki kipimo nakipenda kwasababu hakiharibu kitu. Zumaridi nayo inabadilika ila kidogo sana, ni kijani kwenda kijani. Tomalini ina tabia yake, ukiichungulia kwa urefu wake inakuwa giza kuliko ukiiangalia kwa ubavuni.

Umbo: zumaridi ina pande sita zilizonyooka na kichwa bapa. Tomalini ina michirizi ya urefu kama hiyo yako, hapo ndio inawachanganya watu, lakini ukiitazama kichwani inaonekana kama pembetatu iliyovimba pande zake. Epidoti haina hiyo pembetatu. Na angalia palipovunjika kwa lenzi: epidoti ina upande mmoja inaopasukia vizuri kabisa, unafuata urefu, unabaki uso laini unaong'aa, wakati tomalini inavunjika hovyo hovyo kama kipande cha chupa.

Kisu na kioo ulivyojaribu ni sawa ila havikusaidii sana, vyote viko kwenye 5.5 hivi kwa kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, na hayo madini yote matatu yako juu ya hapo. Tafuta kwatzi (lile jiwe gumu jeupe au linaloonekana kama kioo) yenye ncha, hiyo ni 7. Kwaruza sehemu isiyoonekana, alafu lowesha kidole ufute, hapa usiruke hatua kwasababu mara nyingi ule mstari mweupe ni unga wa kwatzi yenyewe umebaki juu. Ukifuta ukakuta mfereji kweli, fuwele ni laini kuliko kwatzi, na epidoti iko 6 hadi 7. Zumaridi iko 7.5 hadi 8, haitaguswa.

Kama una mizani ndogo inayosoma gramu na desimali, basi umemaliza ubishi. Pima fuwele ikiwa kavu, alafu ifunge uzi uining'inize kwenye maji bila kugusa chini wala ukingo wa chombo, upime tena. Toa, upate tofauti, alafu gawanya uzito mkavu kwa hiyo tofauti. Mfano kavu ni gramu 34, majini 24, tofauti 10, jibu ni 3.4, yaani ni nzito mara 3.4 ya maji. Epidoti inacheza 3.3 mpaka 3.5, tomalini nyingi 3.0 mpaka 3.2, zumaridi ni kama 2.7 tu. Ila lazima iwe fuwele peke yake, ikiwa bado imeshikana na mwamba unapima mwamba.

Kuna mwingine wa kijani anayekaa nyumba moja na epidoti, aktinolaiti. Huyu ni laini kidogo, 5 hadi 6, na mara nyingi anatoka kama sindano au nyuzi. Ukiona nyuzi zinachambuka usisage wala usipulize vumbi lake, zipo aina zake ambazo ni asbesto kabisa na mapafu hayasamehe.

Kwanini iko kwenye huo mwamba? Epidoti inahitaji kalsiamu, aluminiamu, chuma, silika na maji. Chukua mwamba wa volkano wa zamani kama basalti, uufukie, uupashe joto la kama nyuzi 300 mpaka 500 za sentigredi maji yakipenya, ile feldispa yake (madini ya kawaida ya mwamba huo) yenye kalsiamu inavunjika na epidoti inazaliwa pamoja na kloraiti, madini mengine ya kijani, na hiyo aktinolaiti. Ndio mana miamba ya namna hiyo yote inakuwa kijani. Inatokea pia pale magma (mwamba ulioyeyuka) inapokutana na mwamba wa chokaa, hapo utaikuta na ganeti, na fuwele nzuri kubwa nyingi ni za mazingira hayo au za kwenye nyufa zilizopitisha maji ya moto.

Kuhusu dhahabu na shaba, huyo wa tatu hajakosea kabisa ila kavuta sana. Kwenye mashapo makubwa ya shaba yanayozunguka miamba ya magma, epidoti na kloraiti zinakaa pete ya nje, shaba yenyewe iko ndani zaidi. Lakini epidoti iko kila mahali kwenye miamba metamofiki (iliyobadilishwa na joto na mgandamizo), mingi haina shaba hata chembe, kwahiyo usianze kuchimba kwasababu ya epidoti peke yake. Tafuta vitu vingine vya kuambatana, salfaidi (madini ya metali na salfa) zinazong'aa njano, kutu nyekundu kwenye nyufa, madoa ya kijani cha malakaiti, madini ya shaba, ambayo ni laini kisu kinayakwaruza.

Kukata vito inawezekana ila nyingi ni nyeusi mno, na ule upande wa kupasukia unamtesa mkataji. Kama fuwele zako zina ncha nzima usizitoe kwenye mwamba, wakusanyaji wanazitaka hivyo hivyo zilivyokaa. Tafuta moja iliyovunjika tayari, pima hiyo, niletee namba mbili, ya kavu na ya majini.