Kabla Hujaniletea Picha ya Seli Zinazong'aa

Wiki iliyopita mmoja wenu alimimina PBS (bafa ya chumvi, yaani kimiminika kinachodhibiti kiwango cha asidi) moja kwa moja kwenye chembe nano za dhahabu zilizokuwa zimevikwa sitreti tu, molekuli ndogo zenye chaji, kisha akaja mbio kuuliza kwa nini nyekundu imegeuka zambarau na hatimaye buluu. Sikumgombeza, kwa kuwa nami niliwahi kuharibu chupa nzima kwa njia hiyo hiyo. Lakini nimechoka kuyasimulia haya mlangoni pa chumba cha sentrifuji, basi nayaandika mara moja.

1. Chumvi hufifisha chaji inayozifanya chembe zisukumane, nazo zisiposukumana hugandana. Zivike PEG kwanza, polima inayozitenga chembe zisigusane, ndipo ulete bafa yenye chumvi.

2. Usiunganishe kingamwili na chembe kwa EDC (kemikali inayozifunga amini, yaani vikundi vyenye nitrojeni) ndani ya Tris, ambayo ni bafa nyingine. Tris ina amini yake yenyewe, nayo itawahi kiti ulichomwandalia mgeni wako.

3. Osha, osha tena, kisha thibitisha kwamba umeosha. Hapa mtaniwia radhi, nitakawia kidogo.

Nilipokuwa mwanafunzi nilitengeneza chembe za dhahabu zenye asidi ya foliki ili zishikwe na seli za saratani za KB, ambazo zina vipokezi vingi vya foleti (vitamini ambayo asidi ya foliki ni aina yake), nikazitia chembe hizo na rodamini, rangi inayong'aa, ili nizione kwa hadubini. Nilizisafisha kwa dayalisisi (kuziweka katika mfuko wa utando unaopitisha molekuli ndogo kwenda majini) ya usiku mmoja, maji nisiyabadilishe hata mara moja, nikaenda kulala usingizi wa mtu asiye na deni. Seli zilivyong'aa! Kwa miezi minne nilipiga picha, nikazipanga kwenye slaidi, nikamwonyesha kila aliyekubali kuketi. Ndipo msimamizi wangu, ambaye hakuwahi kupaza sauti, akauliza mambo matatu: seli za A549, zenye vipokezi vichache, zinaonekanaje, nimekuzia seli katika RPMI (maji ya lishe ya seli) ya kawaida au isiyo na foleti, na imekuwaje rodamini ing'ae hivyo, ilhali dhahabu huuzima mwanga wa rangi iliyo karibu na uso wake?

Sikuwa na jibu la maana hata moja. A549 sikuwahi kuzijaribu. RPMI yangu ilikuwa ya kawaida, yenye miligramu 1 ya asidi ya foliki kwa lita, kwa hiyo vipokezi vilikuwa vimekwisha kushiba kabla chembe zangu hazijabisha hodi. Jioni ile nilizungusha sampuli kwenye sentrifuji. Dhahabu ilitulia chini kama tone la divai, na maji ya juu, ambayo hayakutakiwa kuwa na rangi yoyote, yalikuwa ya waridi. Nikayachukua maji hayo peke yake, nikayatia kwenye seli, zikang'aa vilevile. Miezi minne yote nilikuwa nikipiga picha za rodamini huru, ambayo huingia ndani ya seli bila kuhitaji kipokezi wala ruhusa yangu. Tangu hapo sitazami picha ya mtu kabla sijaona maji yake ya juu, na mnaosema kwamba nina inda sasa mnajua ilikotoka.

4. Kipimo cha DLS, kinachokadiria ukubwa wa chembe kwa mwanga unaotawanyika, huhesabu PEG na maji yanayoambatana na chembe, ilhali TEM, hadubini ya elektroni, huonyesha kiini cha dhahabu. Tarakimu mbili tofauti si sababu ya kuilaumu mashine.

5. Panya si sahani ya seli. Mapitio ya tafiti za miaka 10 kuhusu chembe nano, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalikuta kwamba thamani ya kati ya dozi iliyofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7, na sote tunajua jinsi ini na wengu zinavyojichukulia sehemu yake kwanza. Kwa hiyo unapotoa uvimbe kwenda kupima dhahabu, vitoe na viungo hivyo uvipime pamoja nao. Mwaka jana mmoja wenu alivitupa, kisha akakesha siku mbili akiitafuta dozi yake katika uvimbe wenye ukubwa wa punje ya dengu, wakati sehemu kubwa ya dhahabu hiyo ilikwisha kuondoka na ndoo ya taka.