Hedifoni HD 650 sauti ndogo kwenye simu
Mkuu, umeuliza kama HD 650 zako ni feki au mbovu kwa kuwa sauti ni ndogo kwenye simu, na kama ununue waya mpya: hujapigwa, wala hazijafa. Hizo Sennheiser zina omu 300, yaani ukinzani mkubwa wa umeme, simu haina nguvu ya kuzisukuma, ndo maana umeweka sauti mpaka mwisho na bado zinanong'ona tu, tafuta amplifaya ndogo ya hedifoni hata ya mtumba inafaa, utasikia besi imekaa mahali pake na mpaka vidole vikiteleza kwenye nyuzi za gitaa. Ila umesema unakaa jirani na soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hapo ndo kazi ipo, hizi ziko wazi kwa nyuma, kelele za nje zinaingia zote na mwenzio chumbani anasikia unachosikiliza. Mi zangu navaa saa sita usiku, feni nimezima, joto navumilia tu. Waya mpya achana nao kwanza, utachoma hela bure.