Tafuteni mzimu wa Mshtarii, Pete ingoje

Swali la wiki liliuliza: "Mtu wa Lamu mwenye darubini ndogo anaweza kuona nyota ikifa?" Anaweza kuona gesi iliyomwagwa na nyota ya namna ya jua letu inapokata roho, ila wengi huanzia pasipofaa. Vitabu huwapeleka kwenye Pete, M57, nebula (wingu la gesi) ya namna hiyo. Huku kwetu Pete haivuki kimo cha digrii 55 upande wa kaskazini, na majira yake ya jioni ni Agosti, kusi ikitikisa darubini.

Anzeni na NGC 3242, huo mzimu wa Mshtarii, nebula aliyoigundua mwanafalaki William Herschel mwaka 1785. Katikati ya Machi, mnamo saa tano usiku, huwa digrii 74 juu, kaskazi ikiwa imelegea. Shika Alfard, nyota ya rangi ya chungwa iliyojitenga. Elekea kundi la nyota la Ghurabu ukiteremka kidogo kusini, ngumi moja na nusu na ushei za mkono ulionyooshwa, ufikie nyota Mu ya kundi la Haidra. Nebula iko kusini yake, upana wa kidole gumba mkono ukinyooshwa.

Kwa darubini ya inchi 6 yenye urefu wa fokasi milimita 1,200, lenzi ya jicho ya milimita 25 hukuza mara 48. Hapo ndipo watu huipita: huonekana kama nyota iliyovimba, ya samawati-kijani. Upana wake ni sekunde 40 hivi za pembe, karibu sawa na sayari ya Mshtarii inavyoonekana, ndiyo maana huitwa mzimu wake. Tia lenzi ya milimita 8, mara 150. Usikodoe, tazama kando kidogo, ukungu wa nje ujitokeze.

Ukiwa na shaka, pitisha kichujio cha oksijeni, kioo kinachopitisha mwanga wa oksijeni na kuzuia mwingine, mbele ya jicho, ukiondoe, ukirudishe. Nyota zitafifia, nebula haitajali, kwa sababu mwanga wake mwingi ni wa oksijeni, nanomita 500.7. Lakini kiini cha nyota kilichobaki katikati, cha daraja la 12 hivi la mng'ao, yaani hafifu, humezwa na kichujio hicho hicho. Ukitaka kukiona kiini, toa kichujio.

Dari iliyopigwa jua kutwa hutoa joto hadi usiku, picha ikatokota kama uji. Panda mapema, darubini ipoe saa nzima. Vilima vya Shela havina joto hilo, ila mchanga wake husaga mrija unaosogezwa kulenga picha. Na lenzi ikishika umande, usiifute kwa leso: chumvi ya bahari iliyokauka juu yake ni msasa. Ipulizie hewa kwa pampu ya mkono, kisha uitie mfukoni ipate joto.